Elfu Kumi Kasoro Tisa

Mama mkwe alishasema lake na akanyamaza: hahami bila pazia.

Ufa ulioanza kama unywele juu ya dirisha sasa ulikuwa unaingiza kidole, na ulikuwa umeteremka ukutani mpaka usawa wa kitanda chake. Mwashi aliyeitwa kuutazama hakuhangaika hata kutoa zana. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Ikija mvua kubwa ya kwanza, bibi asiwe humu." Na mawingu yalishaanza kujipanga. Chumba cha kuhamia kilikuwa tayari nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa pili tu, kimepigwa chokaa, sakafu imeinuliwa kwa saruji ili maji ya nje yasiingie. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa pazia, na pazia lilikuwa ndani ya beseni.

Lilikuwa pazia la shanga za mbao. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kukereza: miguu ya viti, vichwa vya vitanda, mipini. Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Alivikereza vikawa shanga, kila ushanga mrefu kama pingili ya kidole cha mwisho, akazitoboa, na mkewe akazitunga. Uzi mmoja shanga mia, na nyuzi zenyewe mia. Elfu kumi kamili, na hapo ndipo mzee alipozima mashine na kusema sasa mlango una nguo.

Macho ya mama mkwe yalipozima, pazia likawa ndilo macho yake. Alijua mlango uko wapi kwa mlio wake upepo ukipita. Alijua nani kaingia. Mwanawe hupita kwa bega, shanga zote zikapiga kelele kwa pamoja kama zimefumaniwa. Binti yake hulifungua kwa mikono miwili kama mtu afunguaye kabati. Mke wa mwanawe hupita ubavu, nyuzi nne tano zikanong'ona basi. Kumhamishia mtu kama huyo kwenye chumba chenye mlango mtupu ni sawa na kumwambia akae barabarani.

Huyo mke wa mwanawe ndiye mwenye mkasa. Mtaani walimwita Tepu, kwa kuwa tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake, hata sokoni alikwenda nayo. Alikuwa fundi cherehani, na mkono wake ulisifiwa. Ndiye aliyesema, "Mama, nyuzi zimeoza. Kabla hatujalihamisha, nilifumue, nizioshe shanga, nitunge upya kwa uzi wa nailoni." Mama mkwe akakubali kwa moyo mmoja.

Basi Tepu akashona mfuko wa kuoshea. Na hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mtu asiyejua kushona angefunga shanga kwenye shuka, akakaza fundo, kwisha. Tepu yeye aliwaza mbele: mfuko huu nitaufumua baadaye, ya nini kuupiga cherehani? Akaupiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kitambaa kwa muda. Akaujaza shanga, akaupeleka bombani, akafungua maji. Shanga zikalewa maji, zikawa nzito, bandi ikaachia kutoka mwanzo hadi mwisho. Shanga zikamwagika uani na kukimbilia mtaroni kama watoto waliosikia kengele.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na siku hiyo ndoa ilimfaa Tepu. Mume alilala kifudifudi, akainua vifuniko vya mtaro kimoja baada ya kingine, akachota tope kwa ndoo, akalichuja. Jirani walidhani wamepoteza dhahabu. Kufikia jioni, beseni lilikuwa limejaa tena.

"Zimetimia?" mume aliuliza, tope mpaka nyusi.

"Zinaonekana kama zimetimia," Tepu alisema.

"Kuonekana ni kwa wanaoona," alijibu mama mkwe kutoka kitini kwake. "Zihesabiwe."

Akaitwa wifi.

Wifi alifanya kazi duka la dawa, na hakuna aliyehesabu kama yeye. Alikuja na lile sinia lake la kuhesabia vidonge, la plastiki, lenye mfereji pembeni, na kijiko bapa cha kusukumia. Alikuwa akizisukuma shanga tano tano, midomo haichezi, na zikifika mia anazimimina kwenye ndoo na kuchora mstari wa chaki sakafuni. Alipomaliza alichukua zile za mwisho akazihesabu mara nyingine.

"Elfu tisa, mia tisa, tisini na moja," alisema. "Wifi, tisa umeziosha mpaka zikatoweka."

"Tisa tu?" Tepu alipumua.

"Tisa tu! Msikieni fundi wa bandi. Ningekuwa mimi nimempa mgonjwa vidonge kasoro tisa, ungesema tisa tu?"

"Basi tununue tisa," alisema mume.

Mama mkwe aliinua mkono. "Za dukani zitalia sauti ya dukani. Sitaki kulala nasikiliza wageni tisa. Zilizokwenda na maji zimekwenda, sina la kusema, hata mzee mwenyewe alikwenda. Lakini nisikilizeni vizuri. Pazia sitaki lenye pengo, maana nikishika pengo nitadhani ni mlango ndani ya mlango. Na zile zilizobaki, hata ushanga mmoja usilale kwenye kopo. Alizikereza zitundikwe."

"Mama, ufa unaingia kidole," mwanawe alisema.

"Kidole chako kinene. Changu kinaingia na kucheza."

Hapo akafunga mjadala. Tepu usiku ule aliulalia ubavu mmoja. Hakuogopa maneno ya wifi, ameyazoea. Aliogopa ukuta ule. Ukianguka, hautaangukia bandi wala mfuko. Utamwangukia mama wa watu aliyelala chini yake kwa sababu ya mishono yake yeye.

Kesho yake wifi alirudi na kalkuleta. Akamweleza Tepu kama anavyowaeleza wagonjwa namna ya kumeza dawa, polepole na kwa vidole.

"Tunataka pazia lisilo na pengo, si ndiyo? Nyuzi zote ziwe sawa. Basi tunatafuta idadi ya nyuzi inayoigawa elfu tisa mia tisa tisini na moja, isibaki kitu. Nikigawa ikatoka nzima, tumepona."

"Gawa."

"Kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa tano, moja. Kwa sita, moja. Kwa saba, aa, hii inabaki mbili, afadhali imepata mwenzake. Kwa tisa, moja. Kwa kumi, moja."

"Na kumi na moja?"

"Tatu. Kumi na tatu, saba." Wifi alikuwa anabonyeza kwa ukucha. "Na usidhani nitagonga mpaka kesho kutwa. Ukifika mia unasimama. Maana mia mara mia ni elfu kumi, inapita. Kama kuna namba mbili zinazozaa hii yetu, moja lazima iwe chini ya mia. Zote mbili haziwezi kuwa kubwa."

Tepu alifikiri, akaona ni kweli, akampa wifi heshima yake moyoni bila kumwambia.

Wifi akaendelea. Alipofika thelathini na saba alipiga kelele, kwani ilitoka mia mbili na sabini, halafu akatazama vizuri akakuta imebaki moja tena. "Huyu mmoja ananifuata!" alisema. "Kila ninapoandaa, yeye hana kiti!"

Mama mkwe alikuwa anasikiliza, na uso wake ulishaanza kuchanua. Mama huyu alipenda vitendawili kuliko chai.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega," walijibu wote wawili, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kumjibu.

"Nina wageni wengi ukumbini. Nikiwapangia meza za watu wawili wawili, anabaki mmoja kasimama. Za watatu watatu, mmoja kasimama. Za watano, za sita, za tisa, za kumi, anabaki mmoja, mikono nyuma, ananitazama. Nipange meza za watu wangapi, wote wakae?"

Wifi aliitazama kalkuleta. Tepu aliitazama tepu. "Tumeshindwa, Mama," Tepu alisema. "Tukupe mji?"

"Mji nitaufanyia nini? Nataka jibu. Mimi mwenyewe silijui."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu wasio na la kufanya. Wifi akaendelea kubonyeza mpaka themanini na tisa. Hapo akaweka kalkuleta chini, akanyoosha vidole. "Haigawanyiki," alisema. "Zipo namba za namna hiyo, kaidi, hazikubali kugawanywa na yeyote. Tumeangukia moja. Zilizobaki kabla ya mia ni chache, nazo sina hamu nazo, na duka limeshafunguliwa." Akabeba sinia lake akaenda zake.

Tepu akabaki na beseni. Kwa kukosa la maana, alifanya alilolijua: akatunga. Mume akirudi kazini alimsaidia, kwa yale mavidole yake ya kukaza bomba, akawa anatunga uzi mmoja wakati mkewe anatunga nne. Walipomaliza walikuwa na nyuzi tisini na saba kamili, za shanga mia mia. Zile za mwisho wakazigawa kwenye nyuzi tatu zilizobaki, tisini na saba kila uzi, ili upungufu usionekane sana. Wakaziunga kwenye ufito, wakalilaza pazia sakafuni, wakamleta mama mkwe.

Mama mkwe alipiga magoti, akaanza kupapasa upande wa chini, kutoka kushoto. Vidole vilikwenda, vilikwenda, vikasifu kwa kunyamaza. Vilipofika pembe ya kulia, vikaanguka shimoni.

"Pengo," alisema.

"Dogo, Mama. Shanga tatu kwenda chini, nyuzi tatu kwenda pembeni. Pembeni kabisa."

"Panya naye huanza pembeni." Akainuka kwa kujishikilia kiti. "Mwanangu, sikukasirikii. Lakini hapo nitashika hewa kila siku nikitoka, na kila siku nitakumbuka mtaro. Niacheni tu na ukuta wangu, tumezoeana."

Upepo uliokuwa unapita dirishani ulikuwa na harufu ya udongo mbichi. Mahali fulani mvua ilikuwa inanyesha tayari.

Mama mkwe alipotoka, Tepu alibaki amechuchumaa mbele ya pazia. Lile neno la panya halikumtoka. Mara ngapi wateja wamemletea kitambaa kilichotafunwa na panya pembeni? Mwanamke analia, kitambaa cha mraba kizuri, pembe moja imeliwa. Na Tepu huwa anafanyaje? Hatii kiraka, kiraka huonekana. Anakata ule upande mzima wenye jeraha, mkanda mwembamba kuanzia juu mpaka panapoanzia jino la panya. Mkanda ukitoka, nao unakuwa mzima, umepungua urefu tu. Kinachobaki nacho ni kizima, kimepungua upana tu. Anaugeuza mkanda, anaulaza chini ya kitambaa, anauunga. Urefu wa mkanda unalingana na upana mpya kwa sababu jino la panya lilikuwa la mraba, limekula sawasawa pande zote mbili. Kitambaa hakina pengo. Kimekuwa chembamba kidogo na kirefu kidogo, ndiyo hivyo tu.

Akaitazama pembe. Tatu kwenda chini, tatu pembeni. Jino la mraba.

"Mume wangu," aliita, "niletee mkasi."

"Unakata nini tena, mwanamke!"

"Lete mkasi."

Akazikata zile nyuzi tatu fupi, akamimina shanga zake kwenye bakuli. Zikabaki nyuzi tisini na saba. Akaanza na wa kwanza: akaufungua fundo la chini, akaongeza shanga tatu, akafunga. Wa pili, tatu. Wa tatu, tatu. Mumewe alikuwa amesimama na kikombe, hajaelewa, lakini alijua uso wa mkewe ukiwa hivyo mtu hamsemeshi. Bakuli likapungua. Tepu alipofika uzi wa tisini na tano, alipunguza mwendo, kwa sababu alikuwa ameona kwa jicho lakini hakuwa amehesabu. Kwenye uzi wa tisini na saba aliingiza vidole bakulini akatoa shanga tatu, akarudisha vidole. Bakuli lilikuwa tupu.

Wifi alipigiwa simu akaja na koti la kazi. Hakuamini. Akachukua kalkuleta, tisini na saba mara mia moja na tatu, akatazama kioo. Akapiga tena.

"Elfu tisa mia tisa tisini na moja," alisema. Halafu akapiga paja. "Na mimi niliishia themanini na tisa! Ningegonga kidogo tu!"

"Ulichoka, wifi."

"Nilichoka nini, nilikuwa na haraka ya kwenda kuuza dawa ya mafua." Akaketi sakafuni bila kujali koti. "Hebu nieleze tena hilo jino la panya."

Tepu akamweleza kwa kitambaa na mkasi. Wifi akaelewa, akafurahi, akageuka mwalimu: "Kumbe ni mia toa tatu, na mia ongeza tatu! Elfu kumi kasoro tisa, na tisa yenyewe ni tatu mara tatu. Ingekuwa umepoteza nane ama kumi, wifi, ujanja huu usingekubali. Umepoteza kwa akili."

"Niandikie hivyo kwenye koti lako."

Kulikuwa na furaha mpaka mume alipokwenda kupima mlango wa chumba kipya. Alirudi anajikuna kichwa. Sakafu waliyoiinua kwa saruji ilikuwa imeufupisha mlango. Uzi wa shanga mia moja na tatu ulikuwa unalala chini, mkia mzima.

"Atajikwaa," alisema. "Haoni, na zinateleza. Tupunguze shanga za chini."

"Zikae wapi? Koponi?" Tepu aliuliza. Wote walijua jibu la hilo.

Wifi tayari alikuwa na kalkuleta. Alijaribu tisini na saba kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, haikukubali. Akajaribu mia moja na tatu, nayo hivyo hivyo. "Hawa wawili hawana watoto," alisema. "Ndani ya shanga hizi kuna pazia moja tu la mlango. Hakuna lingine. Hata ukilia."

Tepu alilizungusha lile neno kichwani, pazia moja tu. Akavua tepu shingoni, akapima mlango kwa mapana, akapima uzi. Akasema, "Moja, ndiyo. Lakini nguo moja ina namna mbili za kulala mezani. Nyuzi tisini na saba za shanga mia moja na tatu. Au nyuzi mia moja na tatu, za shanga tisini na saba."

"Itakuwa pana kuliko mlango."

"Kwa nyuzi sita. Nitazibananisha. Pazia likibanana halina kosa, likiburuza ndilo lina kosa."

Wakalilaza upya. Kila uzi ulitolewa shanga sita za chini, na hizo zikatungwa nyuzi sita mpya, tisini na saba kila mmoja, hazikuzidi wala kupungua. Safari hii Tepu hakushtuka bakuli lilipokwisha. Wifi naye alitunga, na akanyamaza, jambo ambalo kakake alilitaja mara mbili kwa mshangao.

Walilitundika mchana. Mume alikaza ufito kwa misumari ya kuzungusha, akaning'inia juu yake kuujaribu mpaka mkewe akamwambia shuka, si bembea. Halafu akaenda kumleta mama yake, wakaja taratibu, mkono kwenye kiwiko.

Mama mkwe alisimamishwa mbele ya mlango. Alianza chini, kushoto, akapapasa ncha za nyuzi zote mpaka ukingo wa kulia. Alirudi kutoka kulia mpaka kushoto. Akashika uzi mmoja katikati, akaupandisha vidoleni mpaka mkono ukaishia, akauteremsha. Tepu alikuwa ameishika tepu yake kwa mikono miwili kama kamba ya ndoo kisimani.

"Nyuzi zimeongezeka," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, Mama. Tatu zaidi."

"Na huku chini shanga zimepungua."

"Tatu."

Akatembeza midomo. "Mia na tatu, kwa mia kasoro tatu," alisema polepole. "Kwa hiyo meza ni za watu tisini na saba tisini na saba. Hakuna aliyesimama?"

"Hakuna, Mama. Na za dukani hakuna."

"Hilo nimeshalisikia." Akaligonga pazia kwa kiganja. Lililia, na halikulia kama zamani. Nyuzi zilizobanana zilitoa sauti nzito, fupi, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Wifi alimtazama Tepu. Tepu aliwaza: basi, hapa ndipo. Hataki.

Mama mkwe aligonga tena, akatega sikio. "Imekuwa nzito," alisema. "Inataka kuzoeleka. Kama viatu vipya." Akanyoosha mkono mbele, akapita. Shanga zikamfunika, zikafunguka, zikajifunga nyuma yake, naye akawa ndani. Walimsikia akitembea, akigusa ukuta mmoja, akigusa wa pili, akiupiga kwa kifundo cha kidole kama alivyofanya mwashi.

"Huu mzima," alisema kutoka ndani. "Kitanda kije kabla ya mvua. Na godoro lisiburuzwe barabarani, nawajua."

Mume alikwishatoka mbio kuazima mkokoteni. Wifi alivua koti la kazi, akalitundika kwenye kitasa, akakunja mikono. Tepu akatangulia kwenda kufunga mashuka. Safari hii alitafuta kamba nene, akakaza mafundo mawili kila pembe, akayavuta kwa mguu.